Kipanya Kisicho na Mkia

Laptopu iliamka yenyewe.

Anjelina alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo za mtoto ambaye bado hajazaliwa. Ilikuwa mchana kweupe, mlango wa mbele uko wazi, na chini ya kitambaa cha kufuma alichoifunikia ile laptopu mezani pakawaka mwanga. Hakuna aliyeigusa. Chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Alinyanyuka taratibu, mkono mmoja tumboni, akainua pembe ya kitambaa kwa ncha ya kidole, akakuta kioo kimewaka chote na mshale mdogo mweupe unatetemeka katikati. Ulitetemeka, ukasogea kidogo kushoto, ukatulia, ukatetemeka tena.

"Yesu wangu," alisema.

"Hodi, mama mwalimu," sauti ikaitika kutoka barazani.

Alikuwa Bi Somoe, mjane wa nyumba ya pili, Mmakonde wa zamani mwenye chale mashavuni na tundu la ndonya, lile pambo la mti, lililobaki wazi juu ya mdomo. Alikuja kusaga makopa yake ya mhogo mkavu kwa Mahmudu, ambaye mashine yake ya kusaga ilipakana ukuta kwa ukuta na chumba cha Anjelina. Kwenye mashine hakuna kivuli na vumbi la unga linaziba pua, kwa hiyo kila siku ya kusaga bibi huyo aliteremsha ndoo yake hapa, akaketi kwenye baraza la mwalimu na kunyoosha miguu akingoja zamu. Mashine ilikuwa imekwishaanza kunguruma. Anjelina hakuisikia tena siku hizi, kama vile mtu asivyosikia pumzi zake mwenyewe.

"Shikamoo, bibi," alisema bila kutoka.

"Marahaba, mwanangu. Ntoto hajambo tumboni?"

"Hajambo."

"Na hicho kitu chako, nchana huu kimelala?"

Anjelina aliiachia pembe ya kitambaa ikaufunika mshale unaotetemeka.

Swali lenyewe halikuwa geni. Yeye ndiye aliyemfundisha bibi neno hilo. Siku moja Bi Somoe alichungulia mlangoni akauliza mbona kioo cheusi, kimekufa? Akamwambia hakijafa, kimelala tu, ukikigusa kinaamka. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, na tangu hapo akawa anaulizia usingizi wa laptopu kama anavyoulizia hali ya mgonjwa. Lilikuwa jambo la kuchekesha hadi siku hiyo.

Laptopu ile aliletewa na mumewe, Reginald, karani wa kampuni moja ya kununua korosho huko Masasi. Miaka ile soko huria lilikwishaanza. Duka la ushirika lililokuwa likiuza sabuni na viberiti kwa foleni lilikuwa limegeuka makazi ya popo, na Masasi mjini vitu vya Dubai na China vilipangwa mpaka barabarani. Reginald alikuwa mtu wa kupenda vitu. Alileta laptopu iliyotumika, bawaba yake imevunjika, haifungiki. Anjelina akazoea kuiacha wazi, anailaza, anaifunika kitambaa. Kijiji chao, nje kidogo ya Mkunya, hakikuwa na umeme. Kuichaji aliipeleka Newala mjini kwa kinyozi mwenye umeme, na chaji moja ilimtosha kupiga chapa mitihani yake ya Kiswahili taratibu mpaka anamaliza, na mwalimu mkuu akamsifu mbele ya wenzake.

Halafu chaji ikaanza kupotea. Anairudisha kutoka Newala imejaa, anailaza vizuri, anakwenda shule. Akirudi anakuta imezimika na mgongo wake wa moto kama pasi. Hajaandika hata neno moja.

Yapo mambo mawili yaliyokuja karibu wakati mmoja. La kwanza, Reginald alimletea kipanya cha kompyuta kisicho na waya, cheusi, mviringo, chenye taa nyekundu tumboni. Kidude chake kidogo kama ukucha kilichomekwa ubavuni mwa laptopu kikaachwa humo humo, na chenyewe kikawa kinalala pembeni yake chini ya kitambaa kile kile. La pili, mihogo ilikauka na Bi Somoe akaanza kuja kusaga. Mtu mwenye utulivu angetazama la kwanza. Lakini Anjelina hakuwa na utulivu. Mwaka uliopita mimba yake ya kwanza ilitoka bila sababu ambayo daktari aliweza kuieleza, na tangu hapo alikuwa akitembea na roho mkononi. Mtu wa namna hiyo anataka sababu yenye sura na jina, na Bi Somoe alikuwa na vyote viwili.

Alianza kuhesabu ishara. Siku ambazo bibi hakuja, laptopu ililala usingizi wake mpaka jioni. Siku za kusaga, bibi akishaketi tu barazani, haikuchukua muda mwanga ukawaka chini ya kitambaa. Na siku moja bibi alimwekea mkono tumboni, mkono mkavu, wa moto wa jua, akasema, "Huyu atakaa." Anjelina alitabasamu kwa mdomo. Ndani alikuwa anajiuliza, kinachokula chaji leo, kesho kitakula nini?

Neno lenyewe alilitamka shuleni. Mwalimu Christopher, aliyetokea Musoma na kufundisha hesabu, alimuuliza ofisini mbona mitihani haijawa tayari.

"Chaji imeisha."

"Si ulichaji juzi tu?"

"Niliichaji. Kuna kitu kinaiamsha mchana nikiwa sipo."

"Kitu gani?"

Hapo Anjelina alicheka kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka kuogopa peke yake. "Labda Bi Somoe ana ndondocha anayejifunza kompyuta," alisema.

Christopher alicheka sana. Walimu wenyeji hawakucheka. Huku kusini ndondocha si mzaha wa ofisini. Ni mtu aliyeliliwa na kuzikwa, kumbe hajafa. Wachawi wamemficha, wanamtuma kazi, naye haonekani kwa macho, utakuta tu shamba limelimwa na chungu kimehama mahali pake. Mwalimu mmoja mwenyeji aliweka chini kikombe chake cha chai na kumtazama Anjelina kwa huruma. Anjelina alitamani alirudishe neno mdomoni, lakini lilikwishatoka.

Kabla ya jua kuzama lilikuwa limefika kwenye mashine ya kusaga.

Reginald alilisikia kwenye basi akirudi kutoka Masasi, akaingia nyumbani hata mkoba hajautua. "Mbona hukuniambia?" alifoka, na Anjelina akaona kwamba mumewe anaogopa kuliko yeye. Mimba ile iliyotoka ilikuwa yake pia. Hakwenda kazini siku iliyofuata ya kusaga. Waliketi wote wawili kitandani, mlango umerudishwa, wanaitazama laptopu kama wagonjwa wanaongoja sindano. Watu wakakusanyika nje na ndoo zao. Bi Somoe akabisha hodi, akasalimia, akaketi barazani akikohoa. Mashine ikanguruma kama kawaida yake, na mwanga ukawaka chini ya kitambaa.

Reginald alishika mkono wa mkewe mpaka ukamuuma. "Umeona?" alinong'ona. "Umeona mwenyewe?"

Jioni hiyo alikwenda kwa wazee wa mtaa. Hawakufanya hasira wala kelele, afadhali wangefanya. Walikubaliana kwa upole kwamba Bi Somoe apelekwe kunyolewa.

Kijiji kizima kilijua maana yake. Kwenye njia ya kwenda Tandahimba palikuwa na mnyoaji aliyekuwa akiwanyoa wanaotuhumiwa uchawi. Unanyolewa nywele zote, unanyweshwa dawa, na baada ya hapo uchawi wako unasemekana umekwisha. Ukirudi na kipara chako, hata mtoto anajua ulikotoka. Wengine walirudi wakaishi na aibu yao. Mzee mmoja wa kitongoji cha jirani alirudi akitapika, akaendelea kutapika mpaka akazikwa, watu wakasema dawa imemkuta na hatia nzito. Anjelina aliyajua yote hayo. Alijua kwamba bibi yule ana kikohozi na mwili wa kuku wa kiangazi, na kwamba dawa ile inaweza kumuua.

Mchana wa kabla ya safari Bi Somoe alikuja. Siku hiyo hakukuwa na kusaga. Alikuwa na bakuli la unga wa mhogo mweupe pe, na hakuketi.

"Mwanangu," alisema akiwa mlangoni, "wananiambia wewe ndiye uliyenitaja. Nikasema hapana, huyu ntoto ananiamkia kila siku, hawezi. Nimekuja unieleze kwa mdomo wako. Ulinitaja?"

Anjelina alikuwa amesimama nyuma ya meza. Angeweza kusema nilitania. Angeweza kusema samahani bibi. Alilofikiria ni kwamba mtu huyu anasimama karibu mno na tumbo lake.

Bi Somoe alingoja, kisha akaliweka bakuli kizingitini. "Haya," alisema. "Shikamoo yako sijaisikia leo." Akaondoka.

Reginald, akijiandaa kurudi Masasi, alimkataza asiuguse unga ule hata kwa kidole. Anjelina alilisukuma bakuli kwa ufagio mpaka shimo la taka. Unga ukamwagika na upepo ukaurushia mlangoni kwake.

Asubuhi wazee walimpakia Bi Somoe kwenye gari la mizigo. Hakulia wala kubishana. Alivaa kanga yake mpya.

Anjelina hakwenda shule. Alisema tumbo linamsumbua, na halikuwa uongo. Alijifungia ndani na kujipa moyo. Bibi yuko mbali sasa. Leo itatulia. Akaketi kitandani akiiangalia meza, na nje watu wa kusaga walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Mahmudu akavuta kamba ya injini. Mashine ikanguruma.

Mwanga ukawaka.

Bibi yuko njia ya Tandahimba, na bado imeamka! Basi kilichomo humu si cha kuja na kuondoka, kinakaa humu humu, kinalala naye chumba kimoja. Alitaka kukimbia lakini miguu ilikataa, na kwa sababu miguu ilikataa, alifanya jambo ambalo siku zote hizo hakuwa amethubutu kulifanya. Alikishika kitambaa na kukivuta chote, akakitupa chini.

Mshale ulikuwa unatetemeka kama kawaida yake. Lakini haukuwa peke yake. Vijiko vilikuwa vinalia ndani ya bilauri. Maji ya kunywa kwenye kikombe yalikuwa yanacheza. Meza nzima ilitetemeka kwa ngurumo iliyopita ukutani, na juu ya meza kile kipanya cheusi kilikuwa kinatambaa chenyewe, kidogo kidogo, kuelekea ukingoni, taa yake nyekundu ikipepesa.

Akakinyanyua. Mshale ukatulia.

Akakirudisha mezani. Mshale ukatetemeka.

Alirudia tena na tena, na kila mara alizidi kuelewa. Mashine ilitikisa ukuta, ukuta ukatikisa meza, meza ikatikisa kipanya, na kipanya kikamwambia ndugu yake yule mdogo kama ukucha kwamba kuna mtu anataka kufanya kazi. Laptopu ikaamka kumtumikia mtu ambaye hayupo. Ikawaka mpaka mashine izimwe, ikajaribu kulala, ikaamshwa tena, siku nzima ya kusaga, mpaka betri ikakauka. Na kile kidude, hata pale kipanya kilipotulia, kilikuwa kinanyonya chaji kidogo kidogo kikingoja kuitwa. Bi Somoe alikuja siku za kusaga kwa sababu ndizo siku za kusaga. Hilo tu.

Alikichomoa kidude, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Meza ikaendelea kutikisika. Laptopu ikafifia, ikalala, na haikuamka tena.

Ndipo hofu ya kweli ilipomshika, na yote aliyoyaogopa nyuma yakaonekana ya kitoto. Alimpigia Reginald, simu haikupatikana. Akatoka mbio, kipanya mkononi, watu wa mashine wakimkodolea macho, akamkuta mwenye pikipiki njia panda akamwambia amkimbize kwa mnyoaji. Yule bwana aliangalia tumbo lake akasita. "Nipeleke!" Anjelina alipiga kelele. Njia ilikuwa mchanga na mashimo, mikorosho ikipita pande zote mbili, na kila pikipiki iliporuka alijishika tumbo akisema kimoyomoyo, kaa mwanangu, kaa. Alikuja kushtuka kwamba hilo ndilo neno alilolisema bibi.

Uwanja wa mnyoaji ulifagiliwa safi. Watu walikuwa wengi, wamekaa chini kwa utulivu kama walio kanisani. Mnyoaji mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti la suti na sauti ya taratibu. Bi Somoe alikuwa ameketi mkekani, nywele zake nyeupe zimelala mapajani, kichwa chake kidogo kinang'aa jua. Mbele yake palikuwa na kikombe cha bati, na kilikuwa bado kimejaa.

"Asinywe!" Anjelina alilia akishuka kwenye pikipiki. "Si yeye! Nimeona kinachoiamsha! Ni kipanya! Ni hiki kipanya!"

Watu wote walimgeukia. Walimu wenzake, muuzaji aliyekiuza huko Masasi, hata Reginald, wote waliita kitu kile mausi. Ni Anjelina peke yake, mwalimu wa Kiswahili, aliyewakatalia na kusisitiza kwamba kwa Kiswahili ni kipanya. Kama siku hiyo angesema mausi, huenda wangemwona mtu aliyepagawa na vitu vya dukani. Alisema kipanya, na akakiinua juu wakione. Kwa mtikisiko wa mkono wake, taa ikawaka.

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Waliokuwa mbele walirudi nyuma, wakaangukia waliokuwa nyuma.

"Panya," mtu alisema. "Amekuja na panya."

"Hana mkia."

"Tazama jicho lake."

"Kinaamsha vitu kwa mbali," Anjelina aliendelea, maneno yakimtoka ovyo, kila moja likimzamisha zaidi. "Hakigusi! Kinatuma tu, na laptopu inaamka. Bibi hahusiki!"

Mzee mmoja wa mtaani kwake alisimama akajaribu kusema kitu, akakaa tena. Mnyoaji alimsogelea Anjelina. Hakukigusa kile kitu. Alikitazama, kisha akamtazama usoni, kisha tumboni, na akauliza kwa upole, "Huyu panya anayetumwa ni wa nani, mama?"

Uwanja wote ulikuwa unangoja. Wembe ulikuwa kwenye sahani mkekani, na kando ya chungu cha dawa palikuwa na vikombe vingine. Anjelina alivitazama vikombe vile. Mtoto akageuka tumboni.

Mkono mkavu ukamshika kifundo cha mkono. Bi Somoe alikuwa amesimama, nywele zake zikimwanguka miguuni. Alikitoa kile kipanya kwenye vidole vya Anjelina kimoja kimoja, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Ni wangu," alisema. "Nilinwekea mimi. Huyu ntoto hajui kitu."

Kisha akamwambia Anjelina kwa sauti ya chini, ya wao wawili, "Nenda nyumbani, mwanangu. Dawa hii haijui kuchagua tumbo."

Kwa mara nyingine bibi yule alikuwa amesimama mbele yake akingoja neno moja, au labda hakulingoja tena, na Anjelina akanyamaza. Mnyoaji alikitupa kipanya motoni, kikanuka plastiki. Bi Somoe aliketi, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.

Hakufa. Alirudishwa kwa gari lile lile, akalala ndani muda mrefu akitapika, na watu waliokuwa wakipita karibu na nyumba yake wakazunguka kwa mbali. Aliponyanyuka alikuwa amebaki mifupa. Mahmudu alimtumia ujumbe kwamba asije kusaga, wateja wanaogopa. Kwa hiyo bibi akatoa kinu chake cha zamani na kuanza kutwanga makopa mwenyewe, na sauti ya mchi wake, nzito na ya polepole, ikawa inasikika mpaka barazani kwa Anjelina.

Na laptopu ikalala. Anjelina aliichaji Newala, na chaji ikakaa kama zamani, siku za kusaga na zisizo za kusaga. Akamaliza mitihani yake yote. Mwalimu mkuu akampongeza. Wanawake kwenye foleni ya mashine walimuuliza, "Kimetulia, mama mwalimu?" na hakuwa na la kuwajibu ila ukweli, kwamba kimetulia. Wakaangaliana na kutikisa vichwa. Dawa ya mnyoaji, walisema, haina mchezo.

Kwa Reginald alieleza kila kitu. Alimwonyesha kidude alichokuwa amekifunga kwenye pindo la kanga, akamweleza habari za ukuta na meza. Reginald alisikiliza, uso ukamsawajika, kwa sababu yeye ndiye aliyekinunua. Kisha akasema, "Yamekwisha hayo, mama. Yule bibi amepona. Wewe una mimba. Ukisema sasa, watamwacha yeye na kukushika wewe." Ilikuwa kweli tupu, na Anjelina alimchukia kwa ukweli huo.

Kutoka Masasi Reginald alimletea kipanya kingine, cha aina ile ile, maana alikuwa mtu wa kupenda vitu na hakujua njia nyingine ya kumfariji mtu. Anjelina hakukitoa kwenye boksi.

Alikuwa analala na ile sauti ya mchi na anaamka nayo. Mchana mmoja, Reginald akiwa nyumbani, foleni ya kusaga ilikuwa ndefu mpaka barazani, na wanawake wawili walikuwa wameketi mahali pa Bi Somoe wakicheka juu ya kipara chake. Anjelina aliwasikiliza. Hofu haikumtoka hata chembe. Lakini aliinuka, akatoa laptopu nje pamoja na meza ndogo, akaiegemeza meza kwenye ukuta wa mashine, hapo hapo mbele ya watu wote. Akalifungua boksi. Akakichomeka kidude kipya ubavuni, akakiweka kipanya mezani, akailaza laptopu. Kioo kikawa cheusi.

"Mama, unafanya nini?" Reginald aliuliza kutoka mlangoni.

"Mahmudu!" Anjelina aliita. "Washa!"

Mahmudu, asiyejua lolote, akavuta kamba. Ukuta ukatetemeka. Meza ikatetemeka. Kipanya kikaanza kutambaa, jicho lake jekundu likipepesa, na kioo kikawaka peupe mbele ya foleni nzima.

Ndoo zilianguka. Mtu alilia, "Bi Somoe! Amerudia!"

"Ni wangu," alisema Anjelina. Akaipandisha sauti juu ya ngurumo. "Huyu panya ni wangu mimi! Tangu mwanzo ni wangu! Bi Somoe hajui kitu!"

Wakarudi nyuma, wakimwachia nafasi pande zote, wale wale waliokuwa wakimsalimia kila siku. Reginald alikuwa anasema kitu, mikono juu, anaeleza, lakini mashine ilikuwa inanguruma na hakuna aliyemsikia. Anjelina alifungua kilemba chake, akakivua, akaketi barazani mahali ambapo bibi alizoea kuketi, kichwa wazi kama anayengoja wembe, mikono yote miwili imeshika tumbo.

Mahmudu akazima injini ili asikie kuna nini. Kimya kikatanda, na katika nyumba ya pili mchi ulikuwa umeacha kutwanga.